Frasila Nne za Bibi

Juzi mjukuu wangu alikuja kunichukua kwa gari lake jipya. Nilipofungua mlango wa nyuma nikasita, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Gari lilikuwa linanuka karafuu. Si manukato ya dukani, bali karafuu kavu zenyewe, za gunia, pamoja na harufu ya petroli na ya viti vilivyopigwa jua. Kijana akaniomba radhi, akasema asubuhi alikuwa amempakilia rafiki yake magunia mawili na vumbi lake limebaki. Nikamwambia aweke radhi zake, afunge vioo, aendeshe polepole. Alidhani nimekasirika. Masikini, hakujua kwamba mwenzake nilikuwa nimesharudi miaka ya hamsini, nina umri wa miaka tisa, na ubavuni pangu amekaa Bibi yangu, na Bibi mwenyewe ni gunia.

Ngojeni niwaeleze, msije mkadhani uzee umenipanda kichwani.

Tulikuwa tunakaa Kiponda, katika nyumba ya ghorofa mbili yenye ngazi nyembamba na baridi. Baba yangu, Salim, alikuwa mpima karafuu katika ghala moja huko Malindi. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya mizani kutwa, gunia linapanda, gunia linashuka, naye anataja frasila na karani anaandika. Frasila moja ni ratili thelathini na tano, hilo nililijua kabla sijajua kusuka nywele zangu. Watu wa shamba walimwamini Baba kuliko walivyowaamini ndugu zao. Alikuwa na neno lake moja alilolirudia kila mara: mizani haina jamaa. Hata nyumbani, Mama akimwambia chumvi imezidi, yeye huuliza imezidi kiasi gani.

Bibi alikuwa mama yake Mama, Bi Zaina, naye alikuwa mnene. Nasema hivyo kwa mapenzi, kwa sababu unene wake ndio uliokuwa mto wangu. Nikilala naye katika kitanda chake cha besera, chenye paa la nguo juu, hata nikianza usingizi wangu pembezoni kabisa, alfajiri nitajikuta nimeporomoka mpaka mgongoni kwake, maana kitanda kizima kiliinama upande wake. Alikuwa na kicheko kikubwa, na mkono mwepesi wa kutoa visheti mfichoni. Unene haukumshughulisha hata kidogo, mpaka siku ya mlima wa Masingini.

Siku ile ilikuwa sikukuu, nami nilikuwa na miaka sita. Tulikodi gari kwenda Dole kumtazama dada yake, Bi Mize. Njia ya Dole inapanda mlima wa Masingini, ambao mtu wa bara akiuona atacheka, lakini sisi Unguja ndio mlima wetu. Katikati ya mlima gari likakohoa, likasimama. Dereva akasema, bila kugeuka, kwamba mmoja wetu ashuke, gari lipumue. Hakutaja mtu. Hakuna aliyetaja mtu. Lakini macho yote mle ndani yalikwenda mahali pamoja, na yangu yalikuwamo. Bibi akashuka, akajifunga buibui lake vizuri, akapanda mlima kwa miguu juani, na wachumaji karafuu waliokuwa wamekaa kando ya njia wakasema neno wakacheka.

Tangu siku ile Bibi hakupanda gari tena. Bi Mize naye alikuwa na ugonjwa wa nyonga, mjini haji. Kwa hiyo kwa miaka mitatu kina dada wawili, ambao hawakuwa na mwingine tumbo moja, walikuwa wanasalimiana kwa vikapu. Basi la shamba lilileta doriani na ndizi mkono wa tembo, nalo likapeleka visheti na tambuu. Kila kikapu kilikuja na maneno. Mara moja aliyekileta alisema, "Bi Mize anasema, doriani zinaiva zinaanguka, na yeye vivyo hivyo." Bibi alicheka sana, kisha akaingia chumbani kwake akarudishia mlango.

Baada ya mavuno mazuri ya mwaka ule Baba alitangaza kwamba atanunua gari. Alisema ni kwa ajili ya familia, na hakusema zaidi. Mkwe ni mkwe. Baba hakuwahi kumtazama Bibi usoni kwa kituo, na jambo lolote alilotaka kumwambia lilipitia kwa Mama. Lakini mimi nilimsikia akimwambia Mama maneno haya, na sikuyasahau: "Nnataka gari ambalo Mama yako akilipanda hataambiwa ashuke."

Duka la magari lilikuwa na gari mbili za namna moja, moja rangi ya maziwa, moja buluu. Milango ile ile, taa zile zile, viti vile vile vya ngozi vinavyonata mapajani. Tofauti yake ilikuwa chini ya boneti. La maziwa lilikuwa na injini ya silinda nne, la buluu silinda sita. Mwenye duka, mzee wa Kihindi mwenye miwani na subira nyingi, alilifungua kila moja akamwonyesha Baba kana kwamba anamwonyesha wanawe. Silinda nne, alisema, ni mtu mwenye kiasi: anakunywa petroli kidogo, ukimkosea adabu anavumilia, na fundi yeyote wa mjini anamjua. Silinda sita ana nguvu na hana kelele, lakini ana kiu, tena akiugua anataka daktari wake.

Barazani kwetu jambo hili liligawa watu. Wapo waliokuwa upande wa nne na wapo waliokuwa upande wa sita, na wengi wao hawakuwa na hata baiskeli. Walibishana kutwa, kahawa ikawaishia, wakaagiza nyingine. Mimi nilikuwa upande wa sita kwa sababu lilikuwa buluu.

Mwenye duka ndiye aliyeuliza swali la maana. "Bwana Salim, mie nakuuliza kitu kimoja tu. Utapakia uzito gani?"

"Nnapakia watu," alisema Baba.

"Watu uzito gani?"

Baba akatazama viatu vyake. Mtu aliyepima karafuu za nusu ya kisiwa hakuwahi kuwapima watu wa nyumbani kwake, na hata angekuwa amewapima, asingeweza kusimama dukani mbele ya wanaume akataja frasila za mkewe na za mkwewe. Wala nyumbani asingeweza kuuliza. Utamwuliza nani, na kwa uso gani? Akasema kwamba akiruhusiwa atazijaribu zote mbili, kwa mzigo, juu ya mlima wa Masingini. Mwenye duka akakubali, maana alikuwa anamjua.

Alhamisi alasiri, kwa idhini ya tajiri wake, Baba alitengeneza familia yetu kwa karafuu. Mimi nilikuwapo, kwa sababu mimi nilikuwa najipima mwenyewe: nilipanda mizani nikatoka frasila moja na nusu na ratili mbili, nikajivuna sana. Mdogo wangu Hemedi akawa kigunia kidogo. Mama akawa gunia la frasila tatu na nusu, na Baba akalifunga mdomo kwa upole. Likabaki la Bibi. Akajaza gunia kubwa mpaka juu, likatoka frasila nne kamili, lisishike zaidi. Akalitazama. Akaenda akaleta gunia la pili, akalijaza nusu, akaliweka juu ya lile la kwanza. Akarudi nyuma hatua mbili kuyatazama yote mawili, kisha akageuka haraka kutazama mlangoni, kana kwamba Bibi amesimama pale anamwona.

"Haifai," alisema. "Mtu mmoja, magunia mawili."

Akaliondoa lile la pili. Akaandika kwenye karatasi: nne. Halafu akaniambia, ingawa sikumwuliza, "Kapungua siku hizi."

Mimi nililala na Bibi kila siku. Nilijua kitanda kinainama kiasi gani. Nilijua kwamba gunia lile si Bibi, ni Bibi nusu na robo, na maneno yalinijia mpaka kwenye ulimi. Lakini mtoto wa kike wa miaka tisa atamwambiaje baba yake kwamba mama mkwe wako ni mzito kuliko ulivyosema? Nikayameza.

Tukapakia. Gari zote mbili zilikuwa na mapazia, kama yalivyokuwa magari ya familia nyingi siku zile, ili wanawake wakae kwa stara. Baba akayavuta yote ili jua lisichome karafuu, akashika usukani, nami nikakaa nyuma kati ya gunia la Mama na gunia la Bibi. Tulipofika chini ya Masingini tukakutana na mzee mmoja ana pakacha la machungwa. Kwa adabu za watu wa wakati ule alipoona mapazia aligeuza uso, akasimama pembeni.

"Huko nyuma hawajambo?" aliuliza.

"Hawajambo, alhamdulillahi," alisema Baba.

"Mbona kimya?"

Baba akafikiri kidogo. "Wamechoka."

Niliutia mtandio wangu mdomoni nisicheke. Sikuwahi kumsikia Baba akisema uongo kabla ya siku ile, na ule ulikuwa kwa ajili ya heshima ya magunia.

Silinda nne lilipanda. Lilipofika katikati likaanza kuhema, Baba akatia gia ya kwanza, likanung'unika, likatetemeka, lakini likafika juu. Tukarudi, tukahamisha magunia, tukapanda na silinda sita. Hilo lilipanda kama halikuambiwa kwamba pana mlima. Nikaona wazi kwamba buluu limeshinda. Lakini Baba alikuwa mtu wa mizani. Silinda nne limepanda na mzigo wote, akasema, basi linatosha, na kununua nguvu usiyoihitaji ni kama kuvaa kanzu ya mtu mwingine. Akaniuliza, "Raya, unaonaje?"

"Naam, Baba. Zuri," nilisema. Nafasi yangu ya pili ya kusema ikapita.

Siku ya kulichukua la maziwa, mwenye duka alizunguka nalo akimwelekeza Baba hiki na kile, nami nyuma yao. Mwishoni akainama dirishani. "Na ikitokea umeshindwa mlimani, inshallah haitotokea, geuza gari, uupande mlima kwa nyuma. Gia ya nyuma ina nguvu kuliko ya kwanza." Baba akatikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anayepewa dawa ya ugonjwa ambao hana.

Gari lilikaa wiki mbili likilala Darajani, maana uchochoro wetu haupitishi hata mikokoteni miwili. Bibi hakushuka kulitazama. "Mwambie mwanangu Salim gari lake naliombea heri," alimwambia Mama, "lakini mie sitoki." Mama akabembeleza kwa Bi Mize, akabembeleza kwa doriani, hapana. Mwisho, tukiwa tumekaa tunachambua mchele, akasema lililomjia.

"Lakini gari limepimwa, Mama. Salim kalipandisha Masingini na mzigo wetu sote."

"Mzigo gani?"

"Karafuu. Kila mtu gunia lake."

Bibi akaacha mchele. "Mie kanipima frasila ngapi?"

Mama aliinama, akaokota chuya moja, akaiokota na nyingine. "Nne."

"Nne?"

"Nne."

Bibi akajipangusa vumbi la mchele mikononi. Akatazama dirishani, akatutazama sisi, uso wake ukafanya kitu ambacho sikukielewa. Kisha akasema, "Jumapili nnakwenda."

Mimi niliruka kwa furaha, halafu nikarudi kukaa, kwa sababu nilijua lile gunia si yeye. Nilimaliza siku zile tatu sina hamu hata ya visheti.

Jumapili Baba alikuwa amevaa kanzu mpya na kofia ya viua. Hakuna mtu wa Unguja aendaye kwa dada yake mikono mitupu, sembuse baada ya miaka mitatu. Bibi alishuka na kikapu cha halwa, pakacha la papa mkavu, mfuko wa mchele, na jiwe la kusagia viungo alilomwahidi Bi Mize siku nyingi, ambalo lilibebwa na wachukuzi wawili. Baba alilitazama jiwe linaingia garini. Nilimwona midomo yake inahesabu. Bibi naye akaingia, gari likaketi kwa nyuma, na mimi, niliyekaa mbele na Baba, nikaiona boneti inatazama mbinguni.

Mpaka Mtoni tulikwenda kwa raha, Bibi anachungulia pembeni ya pazia na kutaja nyumba za watu. Tulipoanza Masingini akaliachia pazia. Gari likahema. Gia ya pili, gia ya kwanza, likanung'unika, likatetemeka, na palepale, wallahi palepale, kwa wachumaji waliokaa kando ya njia na mafungu yao ya karafuu mbichi, likazimika.

Hemedi peke yake alikuwa anatafuna. Nikasikia buibui la Bibi linachakarisha, na mkono wake umeshika kitasa cha mlango.

"Salim, mwanangu," alisema, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akimsemesha Baba moja kwa moja. "Nshuke?"

Baba alikuwa amekanyaga breki kwa nguvu zake zote, jasho limeshuka mpaka ndevuni. Hakugeuka. "Mama," alisema, "hapa hashuki mtu."

Lilikuwa neno zuri, lakini nyuma ya neno hakuwa na kitu. Hapo ndipo ulimi wangu, uliofungwa tangu ghalani, ukafunguka. "Baba. Gia ya nyuma. Yule mzee wa duka alisema."

Akanitazama kana kwamba nimesoma mahali ambapo yeye aliona karatasi tupu. Akaliachia gari lishuke taratibu mpaka penye kijia cha mkokoteni, akaligeuza, mkia ukatazama juu ya mlima. Akatia gia ya nyuma, akapinda shingo kutazama nyuma, akaona pazia. Kioo chote cha nyuma kilikuwa pazia. Hawezi kumwomba mkwewe ajifunue mbele ya watu.

Bibi alilielewa bila kuambiwa. Alilivuta pazia lile kwa mkono mmoja mpaka mwisho, akageuka mzima mzima akapiga magoti juu ya kiti, uso kiooni. "Njoo, baba," alisema. "Nnakuongoza. Kidogo kushoto. Hapo hapo. Kuna mbuzi, ngoja apite. Haya, njoo."

Na gari likapanda. Nakwambieni likapanda, kinyumenyume, linavuma kama cherehani, Baba shingo imempinda, Mama kamkumbatia Hemedi na halwa, na Bibi anatoa amri. Wachumaji wakasimama wote. Mmoja wao akapiga kelele, "Bi mkubwa, mnakwenda au mnarudi?"

Bibi akashusha kioo cha pembeni. "Sie tunakwenda, mwanangu. Wewe ndiye uliyekaa."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega, na Bibi akacheka kuliko wao, kile kicheko chake kikubwa ambacho hakikutoka nje ya nyumba kwa miaka mitatu. Gari lilitikisika kwa kicheko, si kwa injini. Nilifurahi siku ile furaha ambayo nimeitafuta tena mara nyingi maishani, na mara chache nimeipata.

Tulipofika juu Bibi hakutaka tugeuze. Tukaingia Dole vivyo hivyo, tukapita mikarafuuni mpaka uwanjani kwa Bi Mize, naye akiwa kibarazani kaegemea mkongojo anaona mkia wa gari unamjia, na ndani ya kioo uso wa dada yake.

"Zaina," alisema, "mbona waja kinyumenyume?"

"Nimetaka nifike kabla ya wenzangu."

Kisha wakashikana, wakalia, wakacheka, na kwa kitambo kirefu hakuna aliyekumbuka kuliteremsha jiwe.

Wiki iliyofuata Baba alituma ujumbe kupitia kwa Mama, kwamba mwenye duka yuko tayari kubadilishana, arudishiwe la silinda nne atoe la sita. Bibi akakataa katakata. "La sita nitafika wa mwisho," alisema. "Hili nafika wa kwanza." Kwa hiyo kila mwezi tulikwenda Dole, na kila mwezi tulipofika chini ya Masingini Baba aligeuza gari, na Bibi akavuta pazia. Watoto wa njia ile walikuwa wanatungojea. Na gari halikuacha kunuka karafuu mpaka lilipokufa.

Siri yangu niliikalia miaka tisa. Niliitoa nilipokuwa mwari, Bibi ananisugua liwa kabla ya harusi yangu, mikono yake imeshaanza kutetemeka. Nikamwambia: Bibi, nilijua. Siku ile ghalani niliona gunia la pili linaondolewa, nikanyamaza, na wewe ukaenda mlimani bila kujua.

Akaacha kunisugua. "Bila kujua nini? Mie najijua. Mama yako alipotamka nne, nilijua gari litakwama."

"Basi kwa nini ulikwenda?"

"Dereva yule alinipima kwa jicho, na jicho lake halikukosea hata ratili," alisema. "Baba yako kapima maisha yake yote hajampunguzia mtu, akanipunguzia mie. Nimwache apande mlima ule peke yake?"

Akaendelea kunisugua mgongo, kwa nguvu kuliko mwanzo. Mimi nilikuwa nalia, nikasingizia liwa imeniingia machoni. Kumbe siku ile yule mtoto wa kiti cha mbele, aliyejiona kabeba siri peke yake, alikuwa na mwenzake kiti cha nyuma, kaibeba ile ile, tena anacheka.

Juzi, tulipofika kwangu, mjukuu wangu alinifungulia mlango, akaomba radhi tena kwa ile harufu. Nikamwuliza gari lake lina silinda ngapi.

"Nne, Bibi."

Mimi pia sasa kitanda kinainama upande wangu. Nikamshika mkono, nikashuka polepole.

"Zinatosha," nikamwambia.